Kuku Aliyepita Pembeni

Mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ya sinema ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtoto aliijua: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akafungwa kamba, akatupwa mtoni, nyumba yake ikachomwa, lakini mwishoni lazima ainuke, apanguse damu mdomoni na ammalize adui. Ukitoa shilingi tano yako pale kwa video, Jericho, miaka ya tisini, hiyo ahadi ndiyo ulikuwa unanunua. Sasa ikawekwa The Magnificent Seven. Mastelingi walikuwa saba, na wanne wakafa. Si wale wa kujaza nafasi peke yao. Alikufa yule wa kisu, ambaye nusu ya chumba ilikuwa imeshasema "huyo ni mimi". Alikufa Charles Bronson! Kuna jamaa alisimama akadai arudishiwe pesa yake. Kanda imekatwa, alisema, mahali fulani kuna kipande ambacho Bronson anaamka, na mwenye video amekificha.

Watu walicheka, lakini jamaa alikuwa ameshika kitu. Ile filamu ilikuwa imekatwa kweli, kama kila filamu inavyokatwa, na aliyeielekeza alijifunza kazi yake yote kwa kukata. Jina lake John Sturges. Sijawahi kumsikia mtu wa Eastlands akilitaja. Tunataja Yul Brynner na kipara chake, tunataja Steve McQueen, tunaimba muziki wa Elmer Bernstein kwa mdomo, ta-ra-ra-ra, bila kujua ni wa nani. Sturges hayumo. Nataka kuandika juu yake, na juu ya watu wa kwetu waliotazama kazi yake, kwa sababu hizo historia mbili zinakutana mahali ambapo si wengi hupaangalia: kwenye mkasi.

Sturges alizaliwa mwaka 1910, Oak Park, Illinois. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marekani ikiwa imeanguka kiuchumi na kazi hakuna, aliingia studio ya RKO huko Hollywood kwa njia tunayoifahamu vizuri sana hapa Nairobi: kaka yake alikuwa kazini tayari. Alianzia kwenye ofisi ya michoro. Kutoka hapo akahamia chumba cha uhariri, na huko alikaa karibu miaka kumi.

Uelewe kwamba filamu ya wakati huo ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Utepe wa milimita 35 una picha 16 katika kila futi moja, na kwenye projekta zinapita picha 24 kwa sekunde, kwa hivyo dakika moja ya sinema ni futi 90 za utepe. Mhariri alikuwa na mashine iitwayo Moviola, akatazama utepe kupitia kioo kidogo kama cha kuchungulia mlangoni, akaweka alama kwa penseli ya nta, akakata, akaunga kwa gundi. Vipande ambavyo havijatumika vilining'inizwa kwenye ndoano juu ya pipa lenye kitambaa ndani, vikaning'inia hapo kama nguo kwenye kamba ya ploti. Fundi yeyote wa cherehani wa Gikomba angekiona kile chumba na kujihisi nyumbani.

Kazi yenyewe haina sifa. Unakaa gizani ukitazama mtu mmoja akisema neno lilelile mara kumi na mbili, unatafuta ile mara moja ambayo jicho halikudanganya. Unaangalia kama sigara iliyokuwa mkono wa kulia imehamia wa kushoto. Unatafuta saa ya mkononi kwenye vita vya Warumi. Mwigizaji anaangalia uso wake, mpiga picha anaangalia mwanga, mwelekezi anaangalia hadithi yake. Mhariri ndiye analipwa kuona kila kitu kingine kilichomo ndani ya fremu, pamoja na vile ambavyo hakuna aliyekusudia viwemo. Shika hilo, tutalirudia.

Jina la Sturges kama mhariri liko kwenye They Knew What They Wanted ya 1940, Tom, Dick and Harry ya 1941 na Syncopation ya 1942. Hakuna kauboi hata mmoja ndani. Na hakuwa peke yake kwenye ile korido. Robert Wise, aliyehariri Citizen Kane ya 1941, alikuwa RKO, na Mark Robson pia. Wote watatu waligeuka waelekezi. Uingereza, David Lean alikuwa akipitia njia hiyohiyo. Ilikuwa shule bila jina la shule.

Vita vikaja. Jeshi la anga la Marekani likamweka Sturges kwenye filamu, na pamoja na William Wyler akatengeneza Thunderbolt, juu ya marubani waliokuwa wakipiga Italia kutoka kisiwa cha Corsica. Kamera zilifungwa kwenye ndege zenyewe. Hapo huwezi kumwambia mtu rudia, hukupendeza. Unachukua kilichokuja na unatafuta hadithi humo. Filamu ilitoka 1947, lakini kufikia hapo Sturges alikuwa tayari ameelekeza picha yake ya kwanza, The Man Who Dared, ya kampuni ya Columbia, 1946. Zikafuata ndogondogo nyingi, za haraka, za bajeti ya chai na mandazi. Kauboi yake ya kwanza, The Walking Hills, ilikuja 1949. Miaka hiyo sitaipigia kambi.

Nataka badala yake turudi nyuma kidogo, kwenye ile miaka Sturges alipokuwa bado na penseli ya nta mkononi, tuje huku kwetu. Kwa sababu huku pia kulikuwa na watu wakijadili mkasi, na waliokuwa wakijadiliwa ni sisi.

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, na pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, juu ya kahawa, minyoo, kodi, kuweka pesa posta, na gari likazungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka kusini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, ikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia. Mwafrika, alifundisha, hawezi kufuata sinema ya kawaida. Macho yake hayajazoea. Kwa hivyo filamu za kwetu zitengenezwe polepole: picha ndefu, kamera isitikisike, usiruke kutoka mahali hadi mahali, usiweke ujanja wowote. Kwa maneno mengine: usikate. Ule ufundi wote wa chumba cha RKO, kwetu ulionekana kama pilipili kwa mtoto mchanga.

Ushahidi maarufu kuliko wote ni wa kuku. Uliwahi kusimuliwa na mtaalamu wa London aliyeitwa John Wilson, na Marshall McLuhan akaueneza dunia nzima katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha 1962. Afisa wa afya alitengeneza filamu fupi ya polepole sana kuonyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Wakawaonyesha wanakijiji wa Kiafrika, kisha wakawauliza: mmeona nini? Wakajibu: tumeona kuku. Kuku? Waliotengeneza hawakujua kama kuna kuku. Wakarudi kwenye utepe, wakaupitisha picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, pembeni kabisa mwa fremu, kuku alipita.

Wilson na McLuhan walisoma hapo kwamba hawa watu hawajui kutazama: hawaoni picha nzima, wanadonoa vitu vidogovidogo. Wanahistoria wa siku hizi wanazitilia shaka hadithi za namna hii, na wana haki. Lakini tuseme ilitokea vilevile ilivyosimuliwa. Basi soma tena. Kuna kundi moja la watu lililotengeneza filamu, likaitazama mara nyingi, na halikuona kilichokuwa ndani yake. Kuna kundi lingine lililoitazama mara moja tu na likakiona. Ukiwa mkuu wa chumba cha uhariri pale RKO na una nafasi moja ya kazi, unaajiri nani?

Na tena, dakika tano za maji kwenye kopo. Mtu yeyote aliyekulia Majengo, ambako kuku wako uani, jikoni na wengine kitandani, angetazama nini?

Wakati hayo yakiandikwa, Eastlands ilikuwa inajengwa. Pumwani ilishakuwepo. Zikaja nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni, zikaja Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, baadaye Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho, mitaa ya wafanyakazi wa Kiafrika wa mji ambao haukutaka wakae sana. Humo ndimo palipokuwa na kumbi za mikutano, Pumwani Memorial Hall, Kaloleni Social Hall, na kiwanja ambacho gari la sinema lingesimamisha shuka jeupe. Wenye pesa kidogo zaidi walikwenda mjini: Embassy na Odeon, Casino ya River Road, Globe iliyoiachia raundabauti jina lake, Shan pale Ngara. Na walichotaka si filamu ya minyoo. Walitaka kauboi. Haikuwa Nairobi peke yake. Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti kwa wachimba migodi wa Luanshya, Zambia ya leo, mwaka 1953 na 1954, aliwakuta wamejaa kauboi vichwani. Leopoldville kulikuwa na vijana walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wenye skafu shingoni na lugha yao wenyewe.

Mjomba wangu alikulia Makongeni, baba yake akiwa mtu wa Railway. Ndugu zake hawakuwa na kiingilio, kwa hivyo yeye alitumwa kama mjumbe: aende, atazame, arudi, asimulie. Alipokuja kutusimulia sisi, miaka mingi baadaye, alikuwa bado ana ule ufundi. Hakusimulia kwa mpangilio wa saa. Alianza na bunduki, halafu "hapo wacha, turudi," halafu "sasa wakati huyu anakunywa maji, kule nyuma ya mlima..." akanyamaza, akatuangalia, akaruka mpaka kwa mwanamke anayefunga dirisha. Alijua kukata kutoka kwa uso hadi kwa mkono. Alijua kukuacha mlimani na kwenda kijijini wakati hutaki. Hakuna aliyemfundisha isipokuwa Hollywood, na alifundishwa kwa Kiingereza ambacho wakati ule hakukielewa nusu yake. Kila nikisoma Sellers namkumbuka mjomba, na nakasirika kidogo, kisha nacheka.

Sasa turudi kwa Sturges, maana huyu ndiye mtu ambaye mjomba na wenzake walikuwa wakimsoma.

Alichokuja nacho kutoka chumba cha uhariri ni kujua kuacha. Bad Day at Black Rock ya 1955, iliyompa uteuzi wake wa Oscar wa mwelekezi bora, ni dakika 81 tu. Treni inasimama kwenye kituo ambacho haijasimama kwa miaka minne, anashuka mzee mwenye mkono mmoja, Spencer Tracy, na mji mzima unaanza kutetemeka. Hatuambiwi kwa nini. Tunakatiwa nyuso. Siri ni kwamba waliua mkulima mwenye asili ya Kijapani, na mauaji hayo hatuonyeshwi hata kidogo.

Halafu ukipenda kuona mhariri akibishana na nafsi yake, tazama alichofanya na O.K. Corral. Kile kisa cha kweli kilitokea Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, na kilichukua kama sekunde 30. Mwaka 1957, katika Gunfight at the O.K. Corral, akiwa na Burt Lancaster na Kirk Douglas, Sturges alizivuta hizo sekunde 30 zikawa dakika kadhaa za mtaro, gari linalowaka moto, mtu akikimbia, mwingine akilala chini, na akaziweka mwisho kabisa, ambako stelingi hukusanya deni lake. Warren Low, aliyeihariri, aliteuliwa kwa Oscar. Miaka kumi baadaye, 1967, Sturges akarudi kwa watu walewale katika Hour of the Gun. Safari hii mapigano yanafungua filamu. Yanaisha upesi, na muda wote uliobaki ni kesi, kisasi na Wyatt Earp akigeuka mtu wa kuogopwa. Kile kilichokuwa mwisho wa sinema kimekuwa mwanzo wa matatizo. Watu wengi hupenda ile ya kwanza. Mimi nikilazimishwa nitachukua ya pili.

Katikati yake, 1960, ndiko iliko The Magnificent Seven. Kila mtu anajua imetoka Japani, kwa Seven Samurai ya Akira Kurosawa. Wachache hukumbuka kwamba Kurosawa alihariri filamu yake mwenyewe. Kwa hivyo ni mtu wa mkasi aliyekopa kwa mtu wa mkasi. Ya Kurosawa ni dakika 207, ya Sturges 128. Seven Samurai ilitoka Japani tarehe 26 Aprili 1954. Siku mbili kabla, tarehe 24, jeshi la Uingereza lilikuwa limeizingira Nairobi katika Operation Anvil, likapita Eastlands nyumba kwa nyumba, likatoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kuchujwa. Sidai kwamba mambo haya mawili yanajuana. Nasema tu kwamba hadithi ya kijiji kinachovamiwa na watu wenye bunduki, kikikaa kikao cha wazee usiku kuamua kitafanya nini, ilipofika huku haikuhitaji kuelezwa polepole.

Tazama ile sehemu ya kisu. James Coburn, mrefu, mkimya, amelala kwenye jua, kofia usoni. Mtu anamchokoza: kisu chako na bastola yangu, nani mwepesi? Wanajaribu kwanza kwa mzaha, kila mmoja analenga kitu. Yule mwingine anasema ameshinda yeye. Coburn anasema, bila kupandisha sauti, kwamba ameshindwa. Basi inabidi warudie, safari hii wakilengana. Kwa Kurosawa, upanga ukishapiga, aliyeshindwa anaanguka polepole sana, kama jani. Sturges hana polepole. Bastola inatoka, kisu kimeshafika. Amekata safari ya kisu. Umekiona kikirushwa, umekiona kimetua, na katikati umejaza wewe, wewe ambaye Sellers alisema huwezi.

Na kuna kofia ya McQueen. Wakati huo Yul Brynner ndiye aliyekuwa stelingi mkubwa, McQueen akiwa mtu wa televisheni mwenye maneno machache kwenye skripti. Kwa hivyo akaamua kupata nafasi yake bila maneno. Brynner anaongea, McQueen nyuma yake anatikisa risasi karibu na sikio kabla ya kuzitia bundukini. Wanavuka mto, McQueen anainama kwenye farasi na kuchota maji kwa kofia. Brynner akisema jambo zito, McQueen anakinga macho na ukingo wa kofia. Inasimuliwa kwamba Brynner alikasirika mpaka akamweka mtu wa kuhesabu ni mara ngapi McQueen amegusa kofia yake. Chumba chetu cha Jericho kingemwokolea huyo mtu mshahara: tulikuwa tunahesabu wenyewe. McQueen alikuwa ndiye kuku. Anapita pembeni, hasemi kitu, na macho yote yako kwake. Mwelekezi mwingine angemwambia atulie. Sturges, pamoja na mhariri wake Ferris Webster, aliyafumbia macho mambo haya kule jangwani na kuyaacha ndani pale mezani. Alijua jicho la mtazamaji linakwenda wapi likiachwa huru.

Mkasi wa serikali nao ulikuwepo. Filamu ilipigwa Mexico, na wakaguzi wa huko walikuwa bado na uchungu na Vera Cruz ya 1954, waliyoiona kuwa imewadharau. Safari hii wakasimama juu ya shingo ya kazi. Ndiyo maana wakulima wote wanavaa nguo nyeupe pe, hata wakitoka shambani, na ndiyo maana mwanzoni hawaendi kutafuta watu wa kuwapigania, wanaenda kununua bunduki ili wapigane wenyewe. Inachekesha, lakini ile ya pili nadhani iliisaidia filamu. Kuna heshima ndani yake. Hapa kwetu sheria ya filamu, ile Sura 222, ilitungwa kwenye miaka ya uhuru na imebaki mpaka leo, na sijaona mahali ilipoisaidia filamu namna hiyo.

Lakini kama ni kipande kimoja tu ningekiokoa kwenye moto, ni Bronson na watoto. Wavulana wa kijiji wanampenda, wanataka kwenda naye, na mmoja anasema baba zao ni waoga. Bronson anamkamata, anamlaza gotini, anamchapa. Kisha anawaambia kwamba kubeba bunduki si ushujaa. Baba zao wamebeba mzigo wa kuwalisha, kila siku, bila mtu kuwaahidi chochote, na yeye hajawahi kuwa na ujasiri huo. Mjomba alikuwa akifika hapo anasimulia polepole. Baba yake aliondoka Makongeni kabla ya jua kwa miaka mingi, akarudi na mafuta mikononi, akaitwa boi na watu wadogo kwake. Kaka zake walimwona mwoga. Sijui ni filamu gani ya Vugiri ingeweza kumwambia mjomba kitu kama hicho juu ya baba yake, hata ingechukua muda gani.

Halafu Bronson anakufa, wale watoto wakiwa miguuni pake. Ile sheria yetu ya mtaa iliporomoka hapo, na nadhani ilitakiwa iporomoke hapo.

Huko Marekani filamu haikufanya vizuri kama ilivyotarajiwa. Ulaya ndiyo iliyoiokoa. Ikazaa nyingine tatu ambazo si za Sturges, na 2016 Antoine Fuqua akaitengeneza upya, Denzel Washington akiwa kiongozi wa wale saba, jambo ambalo lingemfanya mjomba afunge duka siku nzima. Inasemekana Kurosawa alimtumia Sturges upanga kama zawadi. Na hadithi ikaendelea kusafiri: 15 Agosti 1975 India ikatoa Sholay, na humo unaona mifupa ya wale saba waliopunguzwa wakawa wawili. Nairobi hii, yenye kumbi zilizojaa picha za Kihindi, hakuna aliyehitaji tafsiri. Stelingi mmoja, Amitabh Bachchan, anafia mikononi mwa mwenzake, na nimeona wanaume wa Kariokor wakitoka nje "kuvuta sigara" hapo. Kwenye tuzo za Filmfare, Sholay yenye kila kitu ilipata tuzo moja tu. Ilikwenda kwa mhariri, M. S. Shinde.

Haya mambo ya mkasi hayajaisha mtaani, yamebadilisha mkono tu. Zile video za shilingi tano zilimpata DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili na Sheng juu ya filamu ya Wachina ni uhariri mwingine: anaamua uangalie nani, anampa adui jina la mtu wa hapa, anaruka asipopapenda. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 alielekeza na kukata yeye mwenyewe, kwenye kompyuta za kuungaunga, na akaifuta kazi yake ya asili kwenye diski ili apate nafasi ya filamu inayofuata. Na ukipanda ngazi ya ghorofa yoyote Umoja au Kayole utamkuta kijana anayekata harusi, matanga na video za muziki usiku kucha. Akipigiwa simu ni kuulizwa mbona hajamaliza. Analipwa wa mwisho. Kwenye bango jina lake halipo, na akisema anataka kuelekeza, anaambiwa yeye ni "mtu wa kompyuta". Nimekaa na wawili watatu wa namna hiyo. Wanaona kuku wote.

Sturges hakubaki juu. The Great Escape ya 1963 ndiyo iliyokuwa kilele cha pesa, na uteuzi wake pekee wa Oscar ulikuwa, kwa mara nyingine, wa uhariri, wa Ferris Webster. Kauboi wa Italia wakaja na kelele zao na vumbi lao, na ule ukimya wake ukaonekana wa kizee. Alifanya Joe Kidd na Clint Eastwood mwaka 1972, nzuri mahali, legevu mahali. Picha yake ya mwisho, The Eagle Has Landed ya 1976, haikuwa kauboi hata. Ni Wajerumani wanaotaka kumteka Churchill. Michael Caine, aliyeigiza humo, alieleza baadaye kwamba Sturges alimwambia siku hizo anafanya kazi ili apate pesa za kwenda kuvua samaki. Siku ya mwisho ya kupiga picha, mzee alifunga mizigo yake akaondoka. Hakurudi kwa uhariri. Utepe wote wa ile filamu ulimkuta mezani mwanamke aitwaye Anne V. Coates, aliyehariri Lawrence of Arabia, na ndiye aliyekaa nao mpaka ukawa sinema.